Kimo cha Kiwiko

Upatu ulinifikia Mfungo Sita:
laki saba na nusu ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Bikombo aliyelileta akaniuliza mlangoni,
"Za nini safari hii, Mize? Godoro?"
Nikamwambia, za kusimama.

Maana miaka ishirini na sita napika nimeketi,
mbuzi chini, kinu chini, kibao cha chapati chini,
na magoti sasa huamka kabla ya muadhini.
Nataka meza ya jiko. Ya kujengwa, isiyohama.

Nikenda Chake.
Muuzaji akanisimamisha mbele ya graniti,
nyeusi, ina chenga kama chumvi iliyomwagika usiku,
akaitaja bei ya mita moja
kwa sauti ya mtu anayekupa pole.
Nikahesabu kimoyomoyo: mita mbili na robo,
gari hadi Wete, fundi wa kukata tundu la sinki.
Kopo lingebaki na harufu ya maziwa.

"Basi nipe vipande nikavijaribu."
Akacheka, akanipa: cha marumaru, cha kigae, cha terazo.
Cha graniti niliomba. Hakunipa.

Usiku nikavipanga sakafuni kama watoto wa chuoni,
kila kimoja nikakisomesha: ndimu,
manjano, mafuta ya moto, kitako cha sufuria chenye masizi.
Asubuhi marumaru ilikuwa na duara hafifu
pale ndimu ilipolala,
kama shavu la mtu aliyelia akakanusha.
Kigae kilinawa uso kikasahau,
lakini kigae hakiji peke yake, huja na jamaa zake,
na baina ya jamaa mna mifereji:
humo manjano hukaa, humo maji ya samaki hukaa,
humo kisa cha juzi hakiishi.
Terazo ilivumilia yote, kimya,
ila mwenye mashine ya kuisugua yuko Unguja
na hapandi meli kwa meza moja.

Wifi yangu Zuwena akapiga simu kutoka Mbweni.
Yake ya jiwe la kiwandani, jeupe pe.
Hapikii hapo. Anapikia uani,
asije akaitia doa.
Nikamwambia hongera.

Faki, mume wangu, alitaka ubao wa mfenesi:
"Upo bure, ule ulioanguka kwa mjomba."
Bure! Mchwa naye hupenda cha bure.

Mwisho akaja Shaame, penseli sikioni.
"Zege," alisema. "Nondo, kokoto, kisha niru mpaka ujione.
Laki nne na themanini, na mkono wangu humo."
Halafu akasema, "Simama."
Nikasimama.
"Kunja mikono, kama unasukuma chapati."
Nikasukuma hewa.
Akaweka futi ukutani, akapiga mstari
vidole vinne chini ya kiwiko changu.

Sikusema kitu.
Mara ya mwisho kupimwa ilikuwa nguo ya harusi,
na shangazi ndiye aliyejibu maswali.
Wa kunipima baadaye namjua,
naye hataniuliza kitambaa.
Mstari huu wa penseli, baina ya vipimo hivyo viwili,
ulikuwa wangu.

Siku saba zege ililala chini ya magunia yaliyorowa,
Faki akiimwagia maji kila jioni kama mche,
yeye huyo wa mfenesi.
Nami nikarudi Chake, si dukani,
nyuma, kwenye vifusi vya mkataji,
nikanunua graniti iliyokatika pembe,
elfu kumi na mbili,
upana wa chapati moja na ushei.
Shaame akaichomeka pale mikono yangu inapoangukia,
kisha akapiga niru kuizunguka.

Ufa utakuja, kaniambia mapema,
karibu na sinki, mwaka wa tatu au wa nne.
Uje.
Kopo nimeliweka. Nitalikalisha juu yake.