Gilingan

Nilikwisha zima mashine, pale Pasua,
unga umenijaa kope na masikio.
Akaja Luzviminda, muuguzi, na mchele kilo mbili,
nyuma yake Wiryo, yule mtaalamu wa kahawa,
amekumbatia kifuko cha mahindi kama mtoto.
Hawajuani. Kiswahili chao cha kuokoteza.

Luzviminda akagusa bati, lingali moto,
akajisemea tu: gilingan.

Wiryo akageuka
kama aliyeitwa kwa jina la utotoni.
Gilingan?
Gilingan!

Basi wakaanza kupimana, neno kwa neno.
Mengi yaligonga mwamba.
Halafu wote kwa pamoja, vidole vitano juu: lima!
Nikacheka peke yangu; kwetu Upareni
ukiniambia lima, natafuta jembe.

Nikawasha tena. Mkanda ukakohoa, ukashika.
Mchele kwanza, mahindi baadaye,
na hela yangu nilichukua, sikusamehe hata mia.

Usiku, nikijikung'uta mlangoni, likanirudia:
visiwa vyao mbalimbali, maji katikati,
na neno lile limepita kwenye meno ya wangapi
lisisagike,
bado punje.