Mguu wa Kushoto

Kilima cha Kimara Temboni, gia ya pili.
Nakanyaga mafuta, injini inaapa kwa sauti,
gari halipandi.
Harufu ya kuungua imeingia hadi kwenye kanga.
Nyuma yangu lori la kokoto, honi, matusi.

Fundi Chambuso kashusha giaboksi tangu asubuhi,
uvunguni zinaonekana ndala zake tu.
Anatoka na pleti ya klachi kiganjani,
imelika, nyeusi kama kitako cha sufuria.
"Mama, dereva wako alikuwa haondoi mguu.
Kauegemeza hapa safari nzima."

Dereva wangu.
Miaka kumi na tisa nilimwambia Baba Sikudhani,
mguu huo weka chini.
Anacheka: "Naisikilizia tu."
Hata kitandani aliniwekea huohuo wa kushoto
juu ya miguu yangu, na joto lote lile la Februari.

Mpya laki mbili, ya mtumba tisini.
Nimechukua ya mtumba.
"Na hii kuukuu, niitupe?"
Nimeiviringisha kwenye gazeti.

Jioni gari limepanda Temboni bila neno.
Mguu wangu wa kushoto
nimeuweka chini, kama nilivyokuwa nikihubiri.
Haukujua pa kukaa.