Msoma Majina

Ijumaa usiku nimejifungia jikoni
na kurasa kumi na nane za majina.
Harlan amezima redio bila kuombwa.
Kila Mei humsikia mkewe
akinong'ona na watu wasiokuwepo.

Przybylski: tayari. Thorvaldson: hilo la kwetu, halinisumbui.
Oyinkansola nilimpigia simu Jumanne,
akacheka, akalikata jina lake vipande kama mkate,
nikamega, nikatafuna, nikameza.

Lakini ukurasa wa kumi na saba:
Paj Ntaub Vaj.

Simu imepokewa na mama mtu. Yuko gereji,
anafunga vitunguu mafungu mafungu kwa soko la kesho.
"Hiyo j si j," ananiambia. "Usiiseme.
Ni sauti inayoshuka ngazi.
Na hiyo b ni sauti iliyopanda darini, ikakataa kushuka."
Pa. Ndau. Va.
"Tena."
Pa. Ndau. Va.
"Sasa unamwita mtu mwingine. Tena."

Maana yake kitambaa cha maua, kile cha kudarizi.
Bibi yake alimpa kabla hajafumbua macho.
"Kesho utakuja?"
"Vitunguu vikiisha."

Mvua ya Minesota ilitustahi hadi saa nne asubuhi,
kisha ikasahau kwamba tuna wageni.
Mashangazi wakavaa mifuko ya taka juu ya hariri,
pembe za kofia zikainama kama masikio ya mbuzi,
na mkuu wa kitivo akanikaribisha kipazani
kwa jina langu, akiitamka g yote, nzito,
kama mtu anayebamiza mlango wa gari.
Miaka kumi na tisa sasa.
Sikusema kitu. Nilifungua ukurasa wa kwanza.

Wakapita mmoja mmoja, viatu vikilia chwa, chwa jukwaani,
kila mmoja akinipa masikio yake
kwa muda wa pumzi moja tu.
Akapanda yeye.
Nikashuka ngazi, nikapanda darini, nikashuka tena,
na kule nyuma kabisa, chini ya mwavuli wa soko
wenye tangazo la mbolea,
mkono mmoja ukainuka, ukakaa juu.

Furaha ikanilevya.
Jina lililofuata, Mark Wilson,
nikalikosea.

Alasiri, hemani, keki imelowa upande mmoja.
Baba Wilson ananitazama
kama karani aliyepoteza hati ya shamba lake.
Mama mtu akanijia, akanishika mkono;
kiganja chake kilinuka vitunguu.
"Na lako?" akauliza. "Linasemwaje?"

Nikatafuta karatasi. Hilo halikuwamo.

"Solveig," nikamwambia. "Ile g usiiseme."
Akajaribu.
"Tena," nikasema.