Kabla Injini Haijapata Moto

Nilipofika, Mselem alikuwa ameshaliwasha.
Niliweka kiganja juu ya boneti, nikapokewa na joto,
nikamwambia: Nitarudi kesho, alfajiri. Usiliguse.

Usiku nilipiga hesabu nyuma ya kitabu cha mahudhurio:
miaka kumi na mmoja hadi nistaafu,
kilomita kumi na nne kwenda Mambrui, kumi na nne kurudi,
na kila Ijumaa mama, hospitali, kusafishwa damu.
Gari dogo jeupe la milango minne,
lililoanza kuzeeka kwa watu wengine
kabla hatujajuana.

Fundi Tsofa alikuja na kurunzi na gunia la kulalia.
Hakuuliza bei.
Alifungua kizibo cha oili, akakipindua, akakichungulia
kama mama achunguliaye ulimi wa mtoto mwenye homa.
"Hakuna maziwa."
Kumbe hiyo ilikuwa habari njema.

Mita ilisema elfu sitini na moja.
Pedali ya breki ilikuwa imelika
kama sabuni ya mwisho wa mwezi,
na kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja
kwa uzito wa mtu nisiyemjua,
aliyekaa humo siku nyingi kuliko hizo namba.
Tsofa akaipapasa raba kwa kidole gumba.
"Mita hurudishwa nyuma kwa dakika kumi.
Raba hairudi."

Mselem akaapa kwa macho ya mwanawe.
Nilimwamini kwamba ana mwana.

Kisha zulia likainuliwa.
Tsofa akapitisha kidole kwenye bati, akakiramba,
akatulia kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.
"Gongoni," akasema. "Hili limelala viwanda vya chumvi."
Akagonga sakafu kwa bisibisi:
kwo, kwo, kwo,
halafu, chini ya miguu ya abiria,
sauti ya biskuti.

Nikawasha.
Kikohozi kimoja, kisha mngurumo mdogo, sawasawa,
kama cherehani iliyotiwa mafuta jana.
Moshi si mweusi, si wa buluu.
Nikatia rivasi.
Likasita. Moja. Mbili.
Ndipo likatii.
"Hapo," Tsofa akasema, "hapo ndipo pesa za watu hufia."

Litadumu? nikauliza.
Akakunja gunia lake.
"Mwalimu, mie fundi. Mganga yuko Ganda."

Nikaliacha.
Nikanunua jingine, la buluu, kutoka Mombasa,
zulia linanukia ndimu, pedali ina mifereji yake yote,
bati kavu, rivasi papo kwa papo.
Tsofa mwenyewe alilala chini yake nusu saa
akatoka shati halina doa,
akacheka, jambo asilolifanya ovyo.

Huu ni mwezi wa tisa.
Nimesimama kando ya lami, ng'ambo ya daraja la Sabaki,
boneti wazi, giaboksi imejimwaga yote barabarani,
nyekundu, kama aliyekuwa akificha maradhi.
Madaftari ya darasa la saba yako kiti cha nyuma.
Ni Ijumaa.
Simu ya Tsofa haipatikani.

Ndipo likapita lile jeupe.
Nililijua kwa bampa, na ule mkwaruzo mlangoni.
Kreti za nyanya zimefika dirishani,
kijana asiyenijua ametoa kiwiko nje.
Akapiga honi mara mbili, kunipa pole,
nami, badala ya kumsimamisha,
nikajikuta nimetega sikio.

Mwinukoni, kabla ya daraja, lilisita.
Moja, nikahesabu.
Mbili.
Kisha likaenda zake Malindi.