Safu ya Sababu

Masengo amekata tikiti moja tu, ya mwezi mzima,
na kwa hiyo tikiti, anasema, Ulaya yote ni uwanja wake.
Juzi Bruseli, jana Kolonia, leo Praha.
Sauti yake inanifikia simuni saa ya bukari;
nyuma yake mlango unajifunga wenyewe
kwa pumzi ndogo, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi.

Nimetoa daftari langu la njia kabatini,
lile la kampuni, jalada la kijani, mgongo umeliwa na mchwa.
Siku waliponistaafisha lilibaki na kurasa kumi na tisa nyeupe.
Napiga mistari kwa rula:
kituo, kufika, kuondoka, kuchelewa, sababu.
Feza anachungulia kutoka jikoni:
"Mzee Kalenga, unaendesha treni ya nani?"
Ya mwanao. Niache, iko njiani.

Dakika nne. Treni ilichelewa dakika nne
na spika ikaomba radhi kwa lugha tatu.
Nilicheka mpaka miwani ikaangukia kwenye sombe.
Sisi tulingoja injini pale Luena
mpaka mahindi yaliyovuja kwenye magunia
yakaota katikati ya reli,
abiria wakachagua mwenyekiti,
ndoa moja ikafungwa, nyingine ikavunjika.
Mbuzi walipanda wawili, wakashuka watatu.
Radhi aombwe nani? Tulikuwa tumeshakuwa majirani.

Huko, ananiambia, watu hawasalimiani.
Wanakaa goti kwa goti saa nne nzima
kama vitabu kwenye rafu.
Akaona aibu kula mkate wake bila kumkaribisha mtu,
akamkaribisha bibi mmoja mwenye kofia ya sufu.
Bibi akachukua kipande, akalia kidogo, akashukia Linz.
Naandika: Linz. Kuondoka, saa nane na dakika saba.
Sababu: hakuna.

Usiku wa kuamkia leo, karibu na mpaka,
polisi wawili walipita behewa zima
wakasimama kwake peke yake.
Pasi wakaigeuza, wakaigeuza tena.
Umezaliwa Bukama. Bukama ni wapi?
Akawaambia: ni kwenye reli.
Kisha akaniuliza mimi, sauti chini, kama anaficha kitu,
"Baba, kweli nilizaliwa Bukama?"

Sijamjibu.
Hapa Kamalondo joto la Oktoba limelala juu ya mabati.
Stesheni honi imelia mara moja:
treni ya madini, haibebi watu.

Masengo, Bukama ni jina aliloandika karani
kwa sababu fomu yake haikukubali kichaka.
Mama yako alikuwa anakwenda kujifungulia kwao, Kamina,
nami ndiye shefu wa treni, bendera mbili kwapani.
Usiku, baada ya Luena, akanishika mkono wa koti
wala hakusema neno.
Njia ilikuwa wazi. Injini ilikuwa nzima.
Nikaonyesha taa nyekundu.
Watu mia sita wakakaa gizani
bila kujua wanamngoja nani,
na muuza dagaa wa behewa la nne
akanawa mikono kwa maji yake ya kunywa, akaomba wembe.
Saa tatu na dakika arobaini.
Kwenye safu ya sababu niliandika: mashine imechemka.

Fundi wa Bukama aliikagua mashine asubuhi,
akaigusa, akaniangalia,
akasikia mtoto analia ndani ya koti la kampuni.
Akatia sahihi.

Sasa simu yako imekatika; labda ni handaki.
Daftari la mwaka ule walilichukua wao,
kwa hiyo naandika hili hili, juu ya Linz, palipobaki nafasi.
Kituo: hakina jina.
Kuchelewa: saa tatu, dakika arobaini.
Sababu:
kalamu imegoma. Naisugua kiganjani,
najaribu pembeni ya karatasi, duara, duara tupu,
duara, wino.