Likizo kwa Kidimbwi

Kidimbwi changu cha Katwe,
nilichoachiwa na mama kwa mdomo, bila karatasi,
leo sikuja na ndoo.
Nimesimama huku juu penye nyasi,
miguu mikavu,
nikuombe ruhusa kama mtu wa ofisini.

Miaka kumi na mmoja nimeingia ndani yako hadi kiunoni.
Unanijua kuliko daktari:
kila mchubuko, kila ukurutu wa mapaja,
siku zangu za mwezi na jinsi zilivyowaka
japo nilijipaka mafuta ya mgando na kujifunga nailoni.

Kwetu watoto huitwa kwa zamu.
Masika wa kwanza, Biira wa pili, mimi Kabugho wa tatu.
Lakini kati ya Biira na mimi kuna miaka sita
ambayo mama hakuieleza.
Alisema tu, "Maji yalikuwa makali mwaka ule."
Mwaka ule.
Kana kwamba ulikuwa mmoja.

Sisemi ni wewe. Sijui.
Nesi Ithungu naye hakusema ni wewe.
Alisema, "Mkulima haanzi na mbegu,"
akanidunga kidole, akasoma, akanyamaza kidogo.
Damu tisa.
"Tisa haitoshi, mama."
Akaniita mama, na tumboni hamna kitu.

Basi tukaanza kabla ya kuanza:
kidonge cha foliki kila jioni,
dodo, maharage, mukene pamoja na vichwa vyake,
chungwa juu ya chakula, na chai isogezwe mbali
maana chai, kumbe, huiba chuma sahanini.
Thembo alinisindikiza akidhani atasubiri nje.
"Na wewe kaa," nesi akamwambia.
Mtu anayebeba magunia yako mgongoni
akafumba macho kwa sindano!
Majibu tuliyasoma pamoja, vichwa vikigusana.
Njiani alicheka peke yake,
kisha akanunua chandarua kipya,
kwa sababu kile cha zamani, jamani,
kilikuwa kinalinda vifaranga.

Mama mkwe ameleta udongo wa kutafuna
ndani ya jani la mgomba.
Nimeupokea kwa mikono miwili.
Uko juu ya kabati. Na ukae huko.

Sasa ni wiki ya kumi na sita.
Tembe za malaria nimezimeza nesi akinitazama,
mkojo umepimwa, presha imepimwa.
Nimeambiwa nisipige moyo konde:
kichwa kikigonga, macho yakiona vimulimuli,
uso ukivimba, damu ikitoka hata tone,
niondoke usiku huohuo.
Nauli ya boda iko kwenye kopo la majani ya chai
ambayo siinywi tena na ugali.
Halafu akasema, "Na chumvi iwe ya kiasi."
Chumvi! Mimi!
Nilicheka hadi akaniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo Mbambu atakushika msimu huu wa jua,
mavuno nusu kwa nusu.
Amenunua buti ndefu za mpira.
Naye mwakani anataka mtoto, aliniambia
huku akihesabu ndoo zako,
nami nikapokea mkono wake, tukakubaliana.
Hilo bado halijanishuka kooni.
Kesho nampeleka kwa Ithungu.
Akikataa nitamvuta.

Usinune, basi.
Nesi anasema maji anamoelea mtoto nayo yana chumvi,
kidogo tu, kama ya machozi.
Sijaacha kazi.
Nachunga kidimbwi kingine,
chenye Masika, au Mumbere,
ambaye jana, nikiwa nachambua maharage,
alinigusa kwa ndani kama samaki anayegeuka,
nikamwaga ungo mzima.

Alhamisi tunapimwa tena damu.
Nataka kumi na moja.