Rangi Mbichi

Saa nane usiku, Barabara ya Jogoo,
tunachemsha rangi kwenye pipa
kama watu wa matanga wanaochemsha chai.
Sikuku anakoroga. Mimi nashika uzi wa chaki.
Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza:
nyeupe hapa, lami hapa, nyeupe tena,
mpaka pundamilia alale barabarani
na milia yake yote kumi na mitatu,
bila mguu hata mmoja wa kukimbilia.

Juu ya kila mstari tunanyunyiza chembe za kioo
ili taa za gari zikija zirudi machoni pa mwenyewe.
Namwambia Sikuku: ni kama kumwekea mtu kioo,
ajione anavyokuja.
Sikuku anasema: Kavata,
watu wa mji huu ukiwawekea kioo
wanatengeneza nywele.

Tulikuwa na koni sita.
Moja iliondoka chini ya lori la kabeji.
Nyingine kijana wa boda aliiokota, akaivaa kichwani
mahali pa kofia ngumu, akacheka,
akaipita taa nyekundu akiwa bado anacheka.
Zilizobaki tukazikusanya karibu nasi kama vifaranga.

Halafu likaja gari dogo jeusi, vioo vya giza,
likipiga honi
kana kwamba sisi ndio tuliovunja sheria.
Tukaruka.
Likakanyaga milia mitano mibichi, likaenda zake mjini,
na nyuma yake likaacha mistari miwili myeupe,
mirefu, iliyonyooka kuliko yangu,
ikififia polepole hadi kituo cha mafuta.
Sahihi ya mtu asiye na jina.

Niliipima kwa hatua. Mia na arobaini.
Sijui kwa nini niliipima.
Mwaka jana, pale kwenye mzunguko,
polisi walipima hivyo hivyo, kwa utepe,
umbali kati ya kiatu cha Nyaboke na Nyaboke.
Mwiko huu wa kukorogea rangi ulikuwa wake.

Kumekucha. Kwangu ni ng'ambo, Maringo.
Daraja la waenda kwa miguu liko kule,
ngazi arobaini na nane kupanda,
arobaini na nane kushuka,
na harufu ya mkojo katikati.
Kivuko chetu hakijakauka.
Lakini mbele yangu, kwenye uzio,
kuna pengo ambalo mtu alilikata kwa msumeno
na chuma chake kimeng'arishwa na viganja.
Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, kulia tena,
kama alivyotufundisha mwalimu wa darasa la pili,
nikakimbia.
Fulana yangu imeandikwa USALAMA mgongoni.

Jioni niliporudi kazini nikakuta msururu:
wanafunzi, mama na mtungi wa gesi,
kipofu na mtoto anayemshika mkono,
wanavuka pale penye pengo
wakifuata alama nyeupe za viatu,
namba thelathini na tisa,
kisigino cha kushoto kimelika.
Walizikanyaga moja moja, kwa adabu,
kana kwamba serikali ndiyo iliyozichora.
Na gari moja, naapa, lilisimama.

Kivuko chetu kilikuwa kando, kitupu,
kimelala na kovu lake la magurudumu.

Bwana Ngatia akaja na kurunzi, akauliza
ni nani aliyechora upuuzi huu.
Sikuku akatazama angani.
Mimi nikatazama viatu vyangu,
nikaona heri ningalitazama angani.

Akanipa mkebe wa rangi nyeusi.
Nilizifuta nikirudi kinyumenyume, usiku kucha,
zote isipokuwa moja,
ile ya ukingoni,
pale mguu unaposita
kabla ya kushuka.